Matembezi ya Watoto Bila Kulipa Franka

Safari ya kwenda Lubumbashi kuona makumbusho ya taifa inaomba feza ambayo nyumba nyingi hazina. Lakini mji wetu Likasi nao unafundisha, na kutembea kwa mguu hakulipishwi.

Siku ya posho, kila kikundi kikusanye watoto kumi na wamama watatu. Tuwaonyeshe nyumba za zamani za katikati ya mji, na kuwaeleza kwamba mpaka 1966 mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa Union Minière. Tukifika nyumbani, nkambo awaeleze habari za misalaba ya shaba, ambayo mababu walitumia kama feza na kwa mahari mbele ya Wazungu kufika.

Lakini mashimo ya migodi si makumbusho. Shinkolobwe, kulikotoka uraniamu ya bomu la Hiroshima la 1945, ilifungwa 2004. Mtoto asiende kuokota mawe kule.

Mwishoni, kila mtoto achore kitu kimoja alichoona. Tutatazama michoro hiyo pamoja kwenye mkutano wetu.