Nyumba Moja, Mifuko Minne

Je, umewahi kwenda likizo pamoja na marafiki, kisha mkarudi urafiki umeingia ufa? Kama hayajakupata, una bahati. Sisi yalitupata, na chanzo chake hakikuwa ugomvi wala maneno ya uchonganishi. Kilikuwa ni neno moja dogo tu: "Sawa."

Tulikuwa familia nne, sote wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Dar es Salaam. Kwa muda mrefu tulitamani kuwatoa watoto wetu mjini kwa siku chache, na tulijua kwamba kukodi nyumba moja kwa pamoja ni nafuu kuliko kila familia kulala hotelini. Mnamo Desemba 2021, mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, alipata nyumba nzuri Bagamoyo, karibu na bahari. Alituletea habari katika mkutano wetu wa Jumamosi.

"Jamani, ni laki tatu na nusu tu kwa kila familia, siku nne nzima," alisema kwa furaha. "Tukichelewa wataichukua wengine. Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mwalimu ni mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Sote tuligeuka kumtazama. Akatabasamu, akasema, "Sawa."

Gharama ambazo hazikutajwa

Tulipofika Bagamoyo tuligundua kwamba ile laki tatu na nusu ilikuwa ya kulala tu. Umeme wa LUKU tulitakiwa kununua wenyewe. Mpishi alitaka ujira wake. Kila asubuhi mtu alisimama mlangoni akichangisha fedha za samaki, mkate na soda. Siku ya pili tuliamua kuwapeleka watoto kuona magofu ya Kaole, na hapo pia pakahitajika nauli na kiingilio. Mwalimu alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani na mwanawe. Nakumbuka mtoto yule alivyosimama kwenye kibaraza akitutazama tukipanda gari. Sikujiuliza lolote. Nilimwambia tu mama yake, "Pole, Mwalimu, pumzika."

Baada ya likizo hiyo Mwalimu hakuonekana tena kwenye mikutano. Tulidhani ana kazi nyingi shuleni. Ilipofika Machi, mweka hazina wetu, bibi mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote, alimtembelea nyumbani kwake. Akakuta mahali palipokuwa na jokofu pako wazi. Mwalimu alikuwa amechukua mkopo wa mitaani, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu", ili alipe sehemu yake ya nyumba. Marejesho ya kila wiki yalimshinda, na wenye fedha wakabeba jokofu lake.

Bibi alipotusimulia, yule mwenzetu wa vitenge alilia. "Kwa nini hakusema? Si nilimuuliza?"

"Ulimuuliza mbele ya watu," Bibi alijibu. "Swali la fedha likiulizwa mbele ya watu lina jibu moja tu."

Mpendwa msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Wengi wetu tunafikiri kwamba kupatana juu ya bajeti ni kutaja bei na kusubiri watu wakubali. La hasha! Mtu anaweza kukubali kwa sababu ya aibu, au kwa sababu hataki mtoto wake aachwe nyuma. Kukubali kwa namna hiyo si mapatano.

Anza na mfuko, si na nyumba

Ilituchukua zaidi ya mwaka kumrudisha Mwalimu kundini. Juni 2023, shule zilipofungwa, tulijaribu tena. Safari hii tuliamua kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, na tuliamua pia kwamba hakuna mtu atakayetafuta nyumba kabla ya fedha kujulikana.

Tulifanya hivi. Kila familia, baada ya mke na mume kuzungumza nyumbani kwao, ilimpelekea Bibi kiasi cha mwisho ambacho ingeweza kutoa kwa safari nzima bila kukopa na bila kugusa ada ya shule. Bibi hakuwa anasafiri nasi, kwa hiyo hakuwa na upande. Aliandika hesabu hizo katika daftari lake, na hakumwonyesha mtu. Tukipata nyumba tulimpelekea bei yake, naye alijibu kwa neno moja: inaingia, au haiingii.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shilingi 250,000 kwa usiku. Bibi akasema, "Haiingii." Hakuna aliyejua imemshinda nani, na hakuna aliyeuliza. Huenda ilinishinda mimi! Nyumba ya pili ilikuwa ya vyumba vitano, shilingi 160,000 kwa usiku. Bibi akasema, "Tuipigie hesabu."

Angalia, mama mwenzangu, jinsi njia hii inavyomwondolea mtu mzigo wa kusema "sina". Kama kikundi chenu hakina mtu wa aina ya Bibi, mtafuteni mmoja asiyesafiri, anayeaminika na anayejua kunyamaza.

Orodhesheni kila kitu kabla ya kuondoka

Jambo la pili ni kuandika gharama zote, hata zile ndogo. Kodi ya nyumba ni mwanzo tu. Ulizeni: Je, mwenye nyumba anataka amana, na atairudisha lini? Umeme, maji na gesi ya kupikia ni juu ya nani? Kuna mpishi au mlinzi anayetakiwa kulipwa? Mashuka na mablanketi yapo? Lushoto mwezi wa Juni ni baridi kali kwa mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam, kwa hiyo tulijua tungehitaji kuni za kuota moto. Matembezi yanayolipiwa yaandikwe pia, au muamue mapema kwamba mtatembea mahali pasipo na malipo.

Chakula nacho kina siri yake. Lushoto ni nchi ya mboga, viazi na karoti, na sokoni bei zake ni nafuu. Tulikubaliana kubeba mchele, unga, mafuta na sukari kutoka nyumbani, na mengine kununua huko huko. Akina mama tulipika kwa zamu pamoja na mabinti wakubwa, na akina baba wakapewa zamu ya kuosha vyombo. Hivyo tulijiondolea gharama ya mpishi.

Mgawanye vipi?

Hapa ndipo penye mivutano mingi. Tulikuwa watu 16, lakini familia zetu hazilingani. Sisi tulikuwa watano, Mwalimu na mwanawe wawili, mwenzetu wa vitenge na familia yake sita, na wifi yangu na mumewe na mtoto mchanga walikuwa watatu.

Kodi ya siku nne ilikuwa shilingi 640,000. Tungegawa sawa kwa familia, kila moja ingetoa 160,000, na Mwalimu mwenye mtoto mmoja angelipa sawa na mwenye watoto wanne. Tungegawa kwa vichwa, kila mtu angehesabiwa 40,000, hata mtoto mchanga anayelala kifuani mwa mama yake! Tukaona njia zote mbili zina kasoro, tukachagua hii: nyumba hulipiwa kwa chumba, chakula hulipiwa kwa mdomo.

Vyumba vilikuwa vitano, basi kila chumba kilikuwa 128,000. Familia ya watu sita ilichukua viwili, wengine kimoja kimoja. Kwa chakula, mtu mzima alihesabiwa fungu moja, mtoto nusu fungu, na mtoto mchanga hakuhesabiwa. Tulipata mafungu 11. Chakula tulikikadiria shilingi 330,000, yaani 30,000 kwa fungu. Mwisho tuliongeza akiba ya dharura ya 10,000 kwa kila fungu.

Kwa hesabu hiyo sisi tulilipa 268,000, wifi yangu 208,000, mwenzetu wa vitenge 416,000, na Mwalimu 188,000. Jumla yake ni shilingi 1,080,000. Kama tungeigawa sawasawa, kila familia ingetoa 270,000, na Mwalimu angelipa zaidi ya 80,000 juu ya kile alichotumia. Usafiri kila familia ilijitegemea, ila Mwalimu na mwanawe tuliwachukua katika gari letu kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Sisemi kwamba njia yetu ndiyo pekee. Ninyi mwaweza kuchagua nyingine. La muhimu ni kwamba hesabu iwekwe wazi, kila mtu aielewe, na ikubaliwe kabla ya malipo ya kwanza.

Fedha zikishaanza kutolewa

Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi minne, kwa simu, kwenye namba ya mweka hazina, naye kila mwisho wa mwezi alitusomea kilichoingia. Kabla ya kutuma malipo ya awali, ndugu wa mmoja wetu anayeishi Lushoto alikwenda kuiona nyumba kwa macho yake. Msitume fedha kwa kuona picha tu. Wapo matapeli wanaopangisha nyumba zisizo zao. Dai risiti au maandishi yenye jina, tarehe na kiasi.

Tulikubaliana pia juu ya mtu atakayejitoa. Akijitoa kabla ya malipo ya awali, anarudishiwa zote. Akijitoa baada ya hapo, anarudishiwa fedha ya chakula na akiba, lakini si ya chumba, isipokuwa apatikane wa kuziba nafasi yake. Ukipatwa na msiba au ugonjwa, hasara ya chumba tunaigawana sote. Kuyaandika hayo mapema si kutoaminiana. Ni kulinda urafiki.

Na wewe mwenye uwezo?

Huenda unasoma haya ukiwa upande wa mwenzetu wa vitenge. Unataka nyumba nzuri zaidi, na uko tayari hata kuwalipia wengine. Moyo huo ni mwema, lakini utumie kwa busara. Ukimlipia mwenzako hadharani, umemfunga mdomo kwa siku zote nne. Hatathubutu kusema chakula hakina chumvi! Ukitaka kutoa zaidi, toa kwa wote. Mwenzetu alileta mbuzi mmoja kutoka sokoni kwa ajili ya watu wote 16, na hakuna aliyejiona ombaomba.

Nawe mwenye kipato kidogo, jifunze kutaja kiasi chako cha kweli. Wenzako hawawezi kuijua hali yako kwa kukutazama usoni. Na wewe uliye na mume, mshirikishe. Fedha ya likizo iliyofichwa hugeuka ugomvi wa mwaka mzima.

Shilingi 7,500

Tulipanda kutoka Mombo kwa ile barabara yenye kona nyingi, watoto wakipiga kelele kila tulipochungulia bondeni. Siku iliyofuata tulitembea kwa miguu hadi Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na unaiona nchi tambarare chini yako hadi macho yachoke. Mtoto wa Mwalimu alikuwa mbele ya wote. Jioni tuliota moto, akina baba wakaosha vyombo, na hakuna aliyesimama mlangoni kuchangisha fedha.

Siku ya kuondoka tulifanya hesabu ya mwisho. Akiba ilikuwa 110,000. Kuni zilichukua 30,000, na gesi iliyoisha katikati ya wali ilichukua 25,000. Zilibaki 55,000, yaani 5,000 kwa kila fungu. Mwalimu, mwenye fungu moja na nusu, alirudishiwa shilingi 7,500.

Alizishika mkononi kwa muda. Kisha akacheka, akasema, "Tangu nianze kusafiri na watu, hii ni mara ya kwanza kurudi na chenji." Tuliposimama Mombo alinunua ndoo ya viazi, akaipakia garini mwenyewe.

Sasa ni mwanachama asiyekosa mkutano. Tukipanga safari nyingine, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Bibi, daftari liko wapi?"

Basi, mama mwenzangu, likizo ijayo mnapokaa kupanga, msianze na picha za nyumba. Anzeni na daftari, na mpeni kila mmoja nafasi ya kusema kiasi chake pasipo macho ya watu. Nyumba nzuri zipo nyingi. Rafiki aliyepotea kwa sababu ya neno "sawa" huchukua muda mrefu kumrudisha.