Meli ya Chuma, Dadu na Goblini Aliyekimbia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, Dave Arneson aliwaendeshea rafiki zake mchezo wa mezani uitwao Blackmoor. Kila mmoja alishika mhusika wake, Arneson akasimulia wanachokiona, kisha akawauliza: sasa mnafanya nini? Yakizuka mapigano, walitumia kanuni za michezo ya vita, ile ya vikosi vya askari wa sanamu, ambamo dadu ikikukataa mara moja unaondolewa. Kwa kikosi, hilo si neno. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kuwapenda wahusika wao, na hakuna aliyetaka kumzika wake kwa mrusho mmoja. Arneson akaazima kanuni za mchezo mwingine, wa manowari za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Manowari haizami kwa kombora la kwanza. Hutobolewa, huyumba, huendelea kupiga. Basi mwanadamu akapewa uhai wa meli: alama zinazopungua pigo kwa pigo.

Hizo ndizo alama za uhai, zilizoingia katika Dungeons & Dragons, mchezo ambao Arneson na Gary Gygax waliutoa mwaka 1974. Lawama hazikukosekana: mtu achomwe upanga mara tano na bado apigane kama aliyetoka kuoga? Gygax alijibu katika kitabu cha msimamizi wa mchezo cha 1979 kwamba alama hizo si nyama na damu tu, ndani yake mna ustadi na bahati pia. Mtazame bondia: raundi kadhaa anakwepa, anakinga, pumzi inapungua, na ngumi inayomlaza ni moja tu.

Jibu zuri, ila kwangu ni nusu ya maelezo. Alama za uhai humpa mchezaji muda. Kati ya pigo la kwanza na la mwisho anapata nafasi ya kukimbia, kuomba suluhu, au kujitosa mbele ya mwenzake aliyeanguka. Fanani wa ngano zetu hutengeneza nafasi hiyo kwa kuchelewesha jambo makusudi. Hapa mezani hadhira ndiyo yenye dadu, kwa hiyo ucheleweshaji inabidi uandikwe kwenye kanuni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mapigano hukatiza hadithi. Nakiri kwamba huweza kuichosha. Katika matoleo ya sasa ya Dungeons & Dragons raundi moja ni sekunde sita; pambano la raundi tano ni nusu dakika ya kisa, lakini mezani laweza kula saa nzima, na aliyemaliza zamu yake keshafungua simu. Hata hivyo kanuni ya mapigano nayo inasimulia, maana ndiyo inayoamua watu watathubutu nini. Chukua mchezo wa Call of Cthulhu wa 1981. Mpelelezi wake ana alama kumi na ushei, haziongezeki hata akipata uzoefu, na risasi moja ya bastola yaweza kuzifuta karibu zote. Hakuna haja ya kumwambia mchezaji aogope. Atachungulia, atasoma nyaraka za marehemu, atafunga mlango taratibu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni sanduku la wanaoanza la Dungeons & Dragons la mwaka huohuo wa 1981. Humo goblini mmoja, kijizimwi cha mapangoni, akishindwa analipa alama tano za uzoefu, tena za kugawana kikundi kizima. Sarafu moja ya dhahabu ikifikishwa salama nyumbani hulipa alama moja. Piga hesabu: kisanduku cha sarafu mia mbili ni sawa na magoblini arobaini. Bila hotuba yoyote, wachezaji wanageuka wezi wenye akili, wanaohonga, wanaodanganya, wanaopita dirishani. Mchezo ukilipa kwa kuua, watu walewale watakuja kuua.

Sanduku hilohilo lina kanuni ya ari, ambayo meza nyingi huiruka, nami huwasikitikia. Wa kwanza akifa, na tena nusu ya kundi ikianguka, msimamizi anaweza kuwarushia maadui dadu mbili za pande sita. Jumla ikizidi ari yao, wanatoroka au wanasalimu amri. Ari ya goblini ni 7, kwa hiyo kila jaribio lina takriban asilimia 42 ya kuwavunja moyo. Mifupa itembeayo ina 12: haikimbii kamwe, kwani imekwisha kufa. Kwa tarakimu mbili tu, mchezaji ameelezwa nani ana cha kupoteza.

Mchezo wa Apocalypse World wa 2010, wa Vincent na Meguey Baker, ulikwenda mbali zaidi. Hauna zamu za mapigano kabisa. Unarusha dadu mbili, unaongeza sifa yako. Ukipata 7 hadi 9 unafanikiwa kwa gharama, na gharama hiyo ndiyo kisa kinachofuata.

Mimi bado narudi kwa goblini wangu mwenye ari ya 7. Wenzake wawili wamelala darajani, dadu zimetoka 9, ametupa mkuki na kutimua mbio. Mezani hakuna anayehesabu alama tena. Mmoja anataka afuatwe kabla hajafika kambini, mwingine anasema aachwe, na wa tatu, aliyekuwa kimya jioni nzima, anauliza kama goblini huyo ana jina.