Jicho la Punda Likiharibika Kabisa

Huku sehemu za chini za Embu, kama Karaba, Makima na Kiritiri, farasi twamwona katika picha tu. Achukuaye maji na kuvuta mkokoteni ni punda, ndugu yake, na macho yao huugua na kutibiwa kwa njia moja. Daktari wa mifugo akisema, "Jicho hili litolewe," wenye punda wengi hushtuka, wakamwuza mnyama kwa bei ya kutupa au wakamwacha azurure. Hiyo ni hasara ya bure.

Jicho huharibikaje? Mara nyingi kwa mwiba au mjeledi. Punda hulifumba, machozi humtoka, na kioo cha jicho huwa cheupe. Mwite daktari siku hiyo hiyo, maana kidonda kibichi huweza kupona kwa dawa. Kikiachwa hutoboka, na jicho likishapasuka vibaya huwa vigumu kuliokoa. Usitie tumbaku wala chumvi. Usitie hata dawa ya macho iliyobaki nyumbani, kwa sababu nyingine zina steroidi, nayo huzidisha kidonda cha kioo.

Sababu nyingine ni saratani. Huanza kama kijinyama chekundu ukingoni mwa kope, au kwenye kope ya tatu, yaani ile ngozi nyembamba iliyo pembe ya ndani ya jicho. Jua kali huichochea, hasa kwa mnyama mwenye ngozi nyeupe kuzunguka macho. Kikiwa kidogo kama punje ya mahindi, mara nyingi daktari hukata kope hiyo tu na jicho likabaki likiona. Kikingojewa miezi, hula jicho lote na kuingia ndani. Lakini si kila kinyama ni saratani: mabuu ya minyoo waletwao na nzi hufanya kidonda kama hicho, kwa hiyo daktari huweza kupeleka kipande maabara.

Na kulitoa je? Punda hupigwa sindano ya kumtuliza, kisha sindano za ganzi kuzunguka jicho. Huweza kupasuliwa akiwa amesimama, hapo hapo nyumbani. Daktari hunyoa na kuosha, hushona kope mbili pamoja, hukata kuzunguka jicho, hulitoa, hufunga mishipa ya damu, kisha hushona ngozi. Hupewa dawa ya maumivu na kinga ya pepopunda. (Punda na farasi hushikwa upesi sana na ugonjwa huo.)

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Asivute mkokoteni mpaka daktari aruhusu, na nzi wafukuzwe. Pakivimba upya na kunuka, mwite daktari tena. Baadaye punda hufanya kazi vizuri kwa jicho moja. Msemeshe kabla ya kumkaribia upande asioona, na akivuta pamoja na mwenziwe, upande huo uelekee kwa mwenziwe.

Upasuaji huu ni kazi ya daktari wa mifugo aliyeandikishwa kwa sheria ya mwaka 2011, si ya fundi yeyote mwenye kisu. Uliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, na patana bei kabla hajaanza, pamoja na ya kurudi kutoa nyuzi.