Je, Wajua? Kidhibiti volti nacho hutoa kelele

Redio iliyochomekwa kwenye soketi mtaani West Indies, Eldoret, hupokea umeme wa volti 240 na hezi 50. Ukishageuzwa kuwa wa DC, hubaki na mvumo wa hezi 100, nao ndio hulaumiwa kwanza spika inaponguruma. Kidhibiti volti cha upotevu mdogo, kinachoweza kutoa volti 3.3 hata kikipewa 3.6 tu, huufifisha mvumo huo. Hata hivyo, ukikipa umeme wa betri safi bado kitatoa kelele, kwa kuwa nyingine huzaliwa humo humo: katika transista na rezista zake, hasa kwenye volti rejea, yaani ile ambayo kidhibiti hujilinganisha nayo, ambayo mara nyingi ni takriban 1.2. Ili kupata 3.3, rejea hiyo hukuzwa karibu mara 2.75, na kelele yake hukua nayo.

Fundi atasema: ongeza kapasita kubwa pale umeme unapotokea. Ana nusu ya ukweli. Kapasita hiyo hutuliza masafa ya juu, lakini katika masafa ya chini kidhibiti huifuata rejea yake kwa utiifu, pamoja na kelele yake. Dawa ni kuichuja rejea yenyewe kwa kapasita ndogo; kwa njia hiyo kidhibiti cha LT3045 cha Marekani hufikia kelele ya mikrovolti 0.8 kati ya hezi 10 na kilohezi 100. Je, utulivu huo ni anasa? Kwa balbu ya LED, ndiyo. Kwa kipokezi cha redio, ambamo volti isiyotulia huyumbisha masafa ya osileta (saketi inayozalisha mawimbi), ni hitaji la kazi.