Kambo alipigana Saio: tutamupata namna gani mu makaratasi?

Wandugu, katika makambi ya wafanyakazi huku Katanga, wengi wanasema: "Kambo yangu alienda vita." Vita gani? Ile ya Tabora, 1916, ama ya Abisinia, 1941? Anzeni pale.

Kama nyumbani kungali medali, iangalieni vizuri. Juu ya utepe wa ile medali ya Afrika ya 40-45 kunaweza kuwa kipande cha chuma chenye jina la fasi: Abyssinie, Nigérie, Moyen-Orient, Madagascar, Birmanie. Ndiyo, Birmanie! Waganga na wauguzi wetu walifika mpaka kule Asia.

Kisha tafuteni matrikile. Siye wa migodi tunaijua hiyo: jina wanaliharibu, namba inabakia. Ba-Ilunga walikuwa wengi katika Force Publique, na karani mzungu aliandika vile sikio lake lilisikia. Basi ulizeni wazee kijiji, chifu na teritware, juu makaratasi ya ukoloni yalimutambulisha mutu hivyo.

Shida ni moja: sehemu kubwa ya makaratasi iko Bruxelles. Mubelgiji anapanda tramu na kuomba faili ya babu yake. Mujukuu wa askari aliyekuwa Saio tarehe 3 Julai 1941, siku jenerali Gazzera alijitoa na jeshi lake, anaomba visa kwanza. Mimi nasema nakala zije Kinshasa na Lubumbashi, na serikali ndiyo iziombe. Kwa sasa, barua inaweza kuandikwa. Mutie matrikile ndani.