Mashudu ya mlonge na maji taka ya kiwanda

Menya mbegu ya mlonge iliyokauka, toa ganda lake la kahawia lenye mabawa, twanga kiini cheupe, koroga unga wake katika maji kidogo kisha uchuje kwa kitambaa. Utapata maji yanayofanana na tui la pili. Yamimine kwenye ndoo ya maji ya mto yenye tope, koroga upesi dakika moja, halafu polepole kama robo saa, uiache ndoo itulie. Baada ya saa moja au mbili tope limekaa chini. Wanawake wa vijijini Sudan walikuwa wakisafisha hivyo maji ya Nile muda mrefu kabla ya mtafiti Samia Al Azharia Jahn kuwaandikia wanasayansi habari za wanawake hao, miaka ya 1970 na 1980.

Mbinu hiyo haikuishia kwenye ndoo. Huko Thyolo, Malawi, ilijaribiwa kwenye mtambo wa maji ya kunywa: maji ya mto yenye ukungu wa zaidi ya 270 NTU (kipimo cha ukungu wa maji) yalitoka kwenye machujio yakiwa chini ya 4. Je, maji taka ya kiwanda nayo? Hapo lazima niulize kwanza kiwanda kinamwaga nini, maana kazi ya mlonge inategemea chaji.

Chembe za udongo zina chaji hasi, kwa hiyo hukimbiana na kuelea hata ukisubiri siku nzima. Ndani ya mlonge mna protini ndogo, inayoyeyuka majini, yenye chaji chanya. Hiyo hunata kwenye chembe, ugomvi wao ukaisha, zikashikamana mabonge na kuzama. Shabu nayo hugandisha, ila huyatia maji asidi hadi mara nyingi uongeze chokaa, na tope lake hubaki na alumini. Tope la mlonge ni dogo, tena linaoza.

Sasa tuingie kiwanda cha nguo. Rangi za reaktivu, zinazotumika sana kwa pamba, zina chaji hasi, hivyo protini ya mlonge huzidaka. Rangi za besi, zinazotumika kwa akriliki, zina chaji chanya kama protini yenyewe, na hapo usitarajie mengi. Kwenye kiwanda cha ngozi, mbegu itashusha mabaki ya nyama na nywele, lakini kromiamu iliyoyeyuka inahitaji kwanza chokaa iifanye igande. Sukari inayotoka kwenye kumenya kahawa haina chaji ya kushikwa. Hiyo waachie bakteria wa mabwawani.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mbegu nayo ni chakula. Unga mzima huacha majini mafuta na protini nyingine zisizogandisha kitu, na vyote hivyo huoza. Maji ya kunywa yaliyotibiwa hivyo yakikaa zaidi ya siku moja huanza kunuka. Maji taka nayo yanaweza kuonekana maangavu huku COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu ulio ndani yake, ikipanda.

Ndiyo maana mimi napendelea mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa mafuta. Zaidi ya theluthi moja ya kiini ni mafuta. Yakikamuliwa yanauzika, na protini tunayoitaka inabaki kwenye mashudu. Uyaloweke katika maji ya chumvi badala ya maji matupu: mwaka 1999 watafiti wa Japani walionyesha kwamba dawa iliyotolewa kwa chumvi ilifanya kazi ileile kwa dozi ndogo mara 7.4. (Kiwanda cha nguo, ambacho chumvi yake ya kutilia rangi inatosha kukaushia samaki wa soko zima, kifikirie kwanza chumvi hiyo inakokwenda.)

Kabla ya kununua hata gunia moja, panga bilauri sita za maji taka yako mwenyewe, ya siku hiyo, kila moja na dozi yake. Koroga, acha zitulie, kisha pima ukungu pamoja na COD. Bilauri inayong'aa kuliko zote mara nyingine siyo yenye COD ndogo kuliko zote.