Amstrad PC1512: Kompyuta Isiyowaka Bila Skrini Yake

Anayetaka kununua Amstrad PC1512 kuukuu asianze kwa kuuliza kama inawaka. Aulize kwanza kama skrini yake ipo.

Kompyuta hii ya nyumbani iliingia sokoni Uingereza mwaka 1986, toleo la bei ya chini likiuzwa pauni 399 bila kodi, wakati mashine za IBM zilikuwa ghali mno kwa familia ya kawaida. Alan Sugar, mwanzilishi wa kampuni ya Amstrad, alibana gharama kila alipopata upenyo. Pawa saplai, kwa mfano, iliwekwa ndani ya skrini, na waya mmoja ukapeleka umeme hadi kwenye kasha. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu, lakini leo ndio unaowatesa mafundi: skrini ikishatupwa, kasha linabaki bubu hata kama prosesa yake ya 8086 na kumbukumbu ya kilobaiti 512 ni nzima kabisa. Wengine hulazimika kuiundia pawa saplai nyingine.

Na hata skrini ikiwepo, isifunguliwe kiholela. Kioo chake kinaweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti baada ya kuchomolewa ukutani.

Kazi ya ukarabati ianzie juu ya kasha, pale skrini inapokalia. Hapo pana tundu la betri nne ndogo za kawaida, zinazotunza saa na mipangilio ya mashine. Wengi walizisahau humo kwa miongo. Zikivuja, springi huota kutu ya kijani na unga mweupe wa alkali hutapakaa. Pamba yenye siki huizima alkali hiyo. Kisha panapanguswa kwa maji kidogo, halafu spiriti, na kuachwa pakauke kabisa.

Kinachofuata ni kisomeo cha disketi za inchi 5.25. Grisi ya zamani huganda, kichwa kikakwama. Reli zisafishwe na kupakwa grisi mpya, kichwa kipanguswe kwa spiriti. Disketi yenye ukungu isiingizwe kamwe, itakichafua upya.

Ikiwashwa bila betri, mashine yenyewe huomba iwekewe mpya, kisha hudai disketi ya mfumo. MS-DOS 3.2 ikishapanda na alama ya A> kutokea, haifai kukimbilia michezo. Disketi za awali zinakiliwe kwanza kwa amri ya DISKCOPY, zikiwa bado zinasomeka.